Kiti Kinachotazama Dirisha

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kwenye cherehani, mdomo umejaa pini, na mtu yuko mlangoni anadai gauni lake la tangu juzi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, Jumamosi nafua. Baba msalimie. Mfanyie ile ishara ya kushusha kofia, ajue kwamba salamu ni zake.

Jumapili zimekuwa ndefu tangu kamera ya simu yako ife. Nilishazoea saa kumi jioni kuegemeza simu kwenye sufuria na kukutazama ukinisimulia mtaa mzima kwa mikono, mpaka mkono unatoka nje ya kioo na mimi nabaki kukisia nani kaachwa na nani. Sasa ikifika saa kumi naegemeza simu kwa mazoea tu, halafu naona uso wangu mwenyewe. Kwa ule ujumbe mmoja uliomwomba jirani aniandikie, umesema ujumbe wa simu huuwezi, vidole vyako vinene, na simu ya baba ni ile ya tochi. Haya. Nimenunua bahasha. Mwenye duka alizitafuta nyuma ya betri na kuzipangusa vumbi kwanza.

Uliniuliza habari za kazi. Taasisi ni kubwa, na sakafu yake inang'aa hadi unaogopa kuikanyaga. Mimi nachunguza ukungu unaoharibu nafaka ghalani. Nauotesha kwenye visahani vya kioo, naviweka kwenye kabati la joto, kisha nainama kwenye darubini kutazama nani anamla nani. Kazi hii haihitaji masikio, na ukungu haujawahi kuniambia, "Ah, si kitu, nitakueleza baadaye."

Kazi ngumu ni watu. Wamenitia kwenye Kamati ya Ujumuishi, inayotakiwa kuhakikisha kila aina ya mtu anapata nafasi hapa. Sikuwa nimemaliza hata mwezi wakanipiga picha nimeinamia darubini. Sasa iko langoni, kubwa kuliko mlango wetu wa mbele, na juu yake wameandika: HAPA KILA SAUTI INASIKIKA. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, mlinzi akadhani nafurahi kujiona. Mkalimani wa lugha ya ishara yupo, ila huja siku za wageni. Wageni wakiondoka naye anaondoka, kama viti vya kukodi.

Kwenye mkutano wa kila Jumatatu wamenipa kiti cha heshima. Kinatazama dirisha refu ambalo nje yake kuna bustani nzuri sana. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyenivutia kiti siku ya kwanza. Wengine wote wanakaa upande wa pili wa meza, uliopinda kama mwezi mchanga, wakilipa dirisha mgongo, kwa hiyo nyuso zao ni giza tupu. Mimi nasoma midomo, Shangazi, vivuli siviwezi. Mkuu wetu wa maabara nimempa jina la Masharubu, kwa sababu hata akikaa juani mdomo wake uko nyuma ya pazia. Basi natabasamu na kutikisa kichwa. Wakicheka nacheka, nikichelewa kidogo.

Sijawaambia. Wamenipokea vizuri, na mimi ndiye kiziwi wa kwanza kuajiriwa hapa. Mgeni haanzi kwa kuhamisha viti vya wenyeji.

Ila hakuna mtu wa kuzungumza naye. Siku nyingine nikirudi chumbani mikono inaniuma kwa kukaa kimya kutwa nzima.

Mwanao,
Macho


1 Machi

Macho wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Huku tunapumua. Nilimfanyia baba yako ile ya kofia, akadhani namwambia kofia imemkaa vibaya, akaenda kwenye kioo kuirekebisha. Miaka yote hiyo! Jirani wa mlango wa pili kajifungua mapacha, na wana mapafu kama tarumbeta. Mtaa mzima macho mekundu. Ungekuwepo ungelala wewe peke yako.

Mwandiko usiukodolee macho, nimeandikia gotini. Cherehani iko kwa fundi. Wateja nimewaambia anayeweza kusubiri asubiri, asiyeweza akavae gunia.

Sasa hilo la kiti. Nimelisoma mara tatu, na kila mara natamani kupanda gari nije nikigeuze mwenyewe. Ulipopona ile homa iliyoondoka na masikio yako, nani alisogeza meza ya chakula chini ya dirisha? Nani alimkataza mjomba wako kuongea huku anatafuna? Nyumba nzima ilijifunza kwamba anayesema na wewe aweke uso kwenye mwanga, isipokuwa baba yako, ambaye hata gizani haongei. Leo wasomi wamekukalisha utazame maua na wewe unashukuru! Kwani na kalamu nayo imepoteza sauti? Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Waambie. Wakikasirika, angalau siku hiyo watakuwa wamekuangalia.

Simu mpya usinitumie. Barua zinatosha. Naziweka chini ya mto, na hilo usimwambie mtu.

Mkono umechoka, naishia hapa.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mapacha wanaendeleaje, na majirani wamelala? Barua yako ilikuwa fupi na mistari yake ilipanda na kushuka kama ngazi mbovu, lakini niliisoma mpaka karatasi ikalegea. Najua ulisema nisitume simu. Nimetuma. Nikukose Jumapili moja zaidi na nitaanza kusimulia umbea kwa darubini.

Sikuwaambia habari za kiti. Na sasa nimeona matokeo yake.

Jumatatu moja Masharubu aliongea muda mrefu kuliko kawaida. Niliona masharubu yanapanda na kushuka gizani. Kisha akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, kama anayeuliza kitu. Nikatikisa kichwa. Nadhani nilikuwa wa kwanza kutikisa, kwa vile nilishapata uzoefu. Naye akatikisa chake, akaandika kitu, mkutano ukaisha.

Mwisho wa wiki walizima umeme kwenye ghorofa yetu wabadilishe nyaya. Wenzangu wote walikuwa wameshahamishia visahani vyao kwenye kabati la ghorofa ya chini. Vyangu vilibaki. Jumatatu nilifungua kabati nikakuta ni la baridi kama la vyombo. Ukungu mmoja wa kijivu ulikuwa umeifunika mingine yote, visahani vyote, kazi yangu yote tangu nifike. Nilibaki nimeshika mlango wa kabati. Mtu alinigusa bega, nadhani alisema kitu, lakini sikugeuka kuona ni nani wala alisema nini.

Masharubu aliniandikia kwenye karatasi: "Niliuliza kama kuna mwenye shida na siku hiyo. Wewe ulikubali kabla ya wote." Na ni kweli. Kisha akaniletea chai, akakaa karibu nami akiangalia viatu vyake. Angekuwa mtu mbaya ningefarijika.

Mkataba wangu wa majaribio unakwisha Septemba, na bila matokeo hawana sababu ya kunibakiza. Mimi pia sina hamu ya kubaki. Nataka kuja nyumbani, Shangazi, na si kwa likizo. Nataka kukaa mbele yako mchana, unisimulie kwa mikono mpaka nichoke kutazama. Jana nilisimama mbele ya kioo nikafanya "nyumbani", mikono miwili ncha kwa ncha kama paa, vile tulivyotunga. Halafu nikajionea aibu nikaketi.

Niambie nije.

Macho


2 Mei

Mwanangu mpendwa,

Anayeandika ni baba yako, mimi nasema tu, maana miwani yangu imevunjika. Marahaba. Mapacha wamenenepa. Simu imefika, imo kabatini ndani ya boksi lake. Sijapata mtu wa kuniwekea laini.

Pole sana kwa visahani vyako. Nimelia. Baba yako anauliza kama hilo aliandike, nimemwambia andika.

Lakini usije. Chumba chako kimejaa vitambaa hadi juu. Tena ukija sasa utakuwa umefukuzwa na kiti, kitu chenye miguu minne na hakina hata mdomo. Wewe ndiye uliyeingia lango lile kwanza. Ukirudi nyuma, watasema walijaribu mmoja, ikashindikana, na anayekuja nyuma yako atakuta lango limefungwa na picha yako iko juu yake.

Usije, Macho. Ukija sikufungulii. Baba yako anasema hilo ni kali mno. Nimemwambia andika.

Shangazi yako


11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mzima. Baba msalimie.

Sikuandika kwa sababu sikujua la kumwambia mtu asiyenifungulia mlango. Zamani tukigombana tulikaa tukiangaliana mpaka mmoja wetu acheke, na mara zote ulikuwa wewe. Kwa barua hatuwezi kuangaliana. Nilikaa na hasira yangu chumbani, tukala pamoja, tukalala pamoja, mpaka nikaichoka.

Sasa nikupe habari yako, maana uliitafuta.

Jumatatu nilifika chumba cha mkutano kabla ya mtu yeyote. Nikakaa upande wa dirisha, katikati, nikiipa bustani mgongo. Ni kiti cha mkurugenzi. Wakaingia mmoja mmoja, wakaniona, wakaanza kuangaliana. Mkurugenzi akafika na kikombe chake, akasimama kama mtu aliyekuta nguo zake zimevaliwa na mwingine. Nikainuka nikaandika ubaoni: "Nikikaa hapa nawaona wote. Nikikaa pale naona bustani." Nikarudi nikakaa palepale.

Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, kile cha heshima. Akakikalia. Mkutano ulipoanza nikamwona anakunja macho, anaweka kiganja kwenye paji la uso, anamuuliza jirani yake nani anaongea. Baada ya muda akaacha kuuliza, akaanza kutikisa kichwa. Shangazi, wallahi nilimwonea huruma, kwani nakijua kile kichwa.

Mwishoni alikuja akasimama mbele yangu, uso kwenye mwanga, akasema polepole: "Umekaa pale tangu lini?" Nikamwandikia: "Tangu uliponivutia kiti." Nilidhani atasema pole, lakini alichukua kalamu na kuandika ubaoni, chini ya maneno yangu, kwamba kuanzia sasa wote wakae pande ambazo mwanga unawapiga usoni, anayetaka kusema ainue mkono kwanza, na hakuna jambo la kazi litakaloamuliwa kwa mdomo tu. Na mkalimani awe anakuja kila Jumatatu, wageni wawepo au wasiwepo.

Nilirudi mezani kwangu nikiwa na furaha kubwa na sina wa kumwambia. Jirani yangu wa meza amejifunza ishara moja tu, "chai". Akifurahi anafanya chai, akinipa pole anafanya chai. Siku hiyo alifanya chai mara nyingi.

Na sasa nina swali kwako. Kwanza kamera, halafu cherehani, halafu miwani. Kila kitu cha kwako kinaharibika, na hakuna hata kimoja kinachotengenezwa. Tena tangu lini ukaniita "mpendwa"? Mimi nimehamia upande mwingine wa meza kwa sababu yako. Nawe sogea kwenye mwanga, nikuone.

Macho


3 Agosti

Macho,

Baba yako tena ndiye mwandishi, na leo nimemwambia asiongeze "mpendwa" zake. Marahaba! Habari ya kiti nimesomewa, nikaomba nirudiwe, nikaomba tena ile sehemu ya mkurugenzi kukunja macho. Nilicheka hadi jirani wa mapacha akaja kuuliza kuna nini. Ndiye mwanangu huyo. Huyo mwenye "chai" mshike vizuri, kwani aliyejifunza moja anaweza kujifunza mbili.

Maswali yako nimeyasikia. Vitu huchakaa, mwanangu, ndivyo vilivyo. Shughulika na visahani vyako.

Shangazi yako


Mwanangu,

Haya hapa chini ni yangu. Shangazi yako amesinzia.

Si miwani. Mwezi wa Januari alianguka jikoni. Ni kiharusi. Mguu umerudi, mdomo umerudi, mkono wa kulia haukurudi. Cherehani iko palepale chini ya shuka, haijaenda kwa fundi wala nini. Aliniapisha nisikwambie. Anasema wewe na yeye mmeongea kwa mikono yake tangu utoto wako, na hataki uone mmoja umekufa. Ikifika Jumapili saa kumi anaingia chumbani anafunga mlango.

Mimi sijui kukwambia mambo, sikuwahi kujua. Kwa kalamu naona kama inawezekana kidogo.

Njoo.

Baba


20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mficha maradhi, Shangazi! Uliniandikia methali hiyo kwa mkono wa kushoto, ukasingizia goti, na hukuona haya!

Nimekasirika. Nimekasirika hivi kwamba nimevunja kisahani, kwa bahati kilikuwa kitupu. Miezi yote hiyo nilidhani umenichoka. Nilikaa Jumapili saa kumi nikitazama uso wangu, nawe huko umekaa nyuma ya mlango, wote wawili tukiwa na upweke uleule, na simu mpya ndani ya boksi. Ulidhani mkono mmoja ukinyamaza nitakupenda nusu? Ulinifundisha kwamba anayenipenda ataweka uso kwenye mwanga. Wewe umezima taa kabisa.

Baba usimgombeze. Amesema maneno mengi kwenye karatasi ile kuliko aliyoniambia tangu nizaliwe, na nimeyakata nikayaweka chini ya mto, kama uwekavyo wewe.

Habari za kazi ni hizi. Masharubu ameandika kwa mkono wake kwamba hasara ya visahani ilikuwa kosa la mkutano na si langu. Wameniongezea nusu mwaka nianze upya. Tena amenyoa! Anaonekana kama mtoto aliyeamshwa ghafla, na nimegundua kwamba ana utani mzuri ambao nimeukosa tangu nifike. Picha ya langoni nimeomba waishushe mpaka maneno yake yawe kweli. Wamesema imeshalipiwa hadi Desemba. Siku nyingi bado nakula peke yangu. Viti vimegeuka, lakini watu hawageuki kwa siku moja, na wakati mwingine nachoka kuwa somo la wengine.

Ila nitabaki. Nimelisema hilo kwanza ili usiseme nimekimbia.

Kisha nimeomba ruhusa, nakuja mwisho wa Septemba. Sifuati mikono miwili. Mmoja unatosha kabisa kunigombeza. Na usiponifungulia, baba ana ufunguo.

Macho


7 Septemba

Macho,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, na wa Machi ulikuwa wa huuhuu. Goti halikuhusika. Nimeanza barua hii tangu asubuhi, kwa hiyo ukiona neno limelala usiliamshe, limechoka.

Nilimgombeza baba yako ijapokuwa ulinikataza. Nilikataa hata chai yake. Nikamkazia macho, nikingoja acheke kama tulivyokuwa tukifanya wewe na mimi. Hakucheka. Alilia, mzee mzima na kofia yake. Nikakosa la kufanya, nikamwambia basi lete hiyo chai.

Nilikuogopa, mwanangu. Watu wengine wote nikiwaambia neno wananisikia. Wewe nilikuwa nakusimulia kwa hii mikono, na nikiinua mmoja naona nusu ya maneno inaanguka. Nikasema bora akose kuniona kuliko kuniona nimekuwa kigugumizi. Huo ndio ukweli, nao hauna maana.

Baada ya chai ile baba yako alichukua kiti akakaa kuliani kwangu, pale dirishani. Akauliza, "Nyumbani mnafanyaje?" Nikainua wa kushoto. Akauangalia, akainua wa kwake wa kulia, akauegemeza kwenye wangu. Paa limepinda, mvua ingeingia yote. Lakini lilisimama. Sasa kila jioni tunakaa hivyo, mimi upande mmoja wa neno na yeye upande wa pili. Anachelewa, anakosea, juzi alitaka kusema "mvua" akasema "mbuzi". Cherehani nimeifunua, naye anazungusha gurudumu huku mimi naongoza kitambaa. Mishono inakwenda inakotaka.

Chumba chako hakina kitambaa hata kimoja. Hakikuwahi kuwa nacho.

Jana ameniuliza ishara ya "samahani" ni ipi, maana anataka kuwa ameijua ukifika. Nimeitafuta kichwani nikaikosa. Mimi na wewe hatukuwahi kuitunga, tulikuwa tukiangaliana tu mpaka mmoja acheke. Nimemwambia haipo. Anasema basi atangoja mwenye lugha. Hivi ninavyoandika amekaa pale dirishani, amevua kofia, uso wote kwenye mwanga.

Njoo ututungie.

Shangazi yako